Goti la Joyline

Bahasha haikuwa yake. Ilikuwa imeandikwa Joyline Nafula kwa wino wa buluu, na Ngui aliipokea kwa sababu tu kliniki ile ilikuwa ghorofani Moi Avenue, hatua chache kutoka ofisi alikofanya kazi ya ukarani. Joyline mwenyewe hangeweza kutoka siku ya Jumanne. Yeye na mama yake walikuwa na kitalu cha miche kando ya barabara iendayo Kitisuru, na mvua za Mei ndizo zilizowaletea wateja.

"Wewe ni babake?" daktari aliuliza. Alikuwa kijana mwenye miwani, na sauti yake haikuwa na haraka.

"Mimi ni kocha wake."

"Afadhali. Wewe utanielewa upesi." Akaichomeka picha ya eksrei kwenye taa ya ukutani, akagusa kwa ncha ya kalamu mahali chini kidogo ya goti la kushoto. "Unaona huu mstari?"

Mwanzoni Ngui hakuona kitu. Kisha akauona, mwembamba kama unywele.

"Huo ni ufa. Mfupa umechoka kupigwapigwa. Asifanye mazoezi kwa miezi mitatu. Asikimbie, asitembee huo mwendo wenu, hata kamba asiruke. Bado ni msichana mdogo, mfupa utajiunga wenyewe akiupa nafasi."

"Na asipoupa?"

Daktari alimtazama juu ya miwani. "Utavunjika. Na ukivunjikia hapo, karibu na goti, siwezi kukuahidi kwamba mguu huo utanyooka tena maishani. Mwambie hivyo hivyo."

"Nitamwambia," alisema Ngui.

Aliposhuka ngazi alikuwa na nia ya kumwambia. Hilo baadaye alijiapia mara nyingi, kana kwamba lingemsaidia. Lakini mashindano ya kuteua timu ya Michezo ya Afrika kule Algiers yalikuwa yamebakiza wiki tano, na kabla hajafika mlangoni mwa ofisi alikuwa tayari amejiambia kwamba habari kama ile haifai kupewa mtu kwa simu. Angemwambia Jumamosi, uso kwa uso.

Watu wengi hawajui kutembea kunaweza kuwa mchezo. Huona mtu akipita kando ya barabara akizungusha nyonga na kupiga viwiko, wakacheka. Sheria zake ni mbili tu. Mguu mmoja lazima uwe umegusa ardhi wakati wote. Na goti la mguu unaotua lazima linyooke tangu kisigino kiguse chini mpaka mwili upite juu yake. Waamuzi husimama njiani wakitazama miguu kwa macho matupu. Mmoja akiona goti limepinda, huandika kadi nyekundu. Kadi tatu kutoka kwa waamuzi watatu, unaondolewa, hata kama ulikuwa unaongoza.

Ngui aliujua mchezo huu tangu ujanani. Mwaka wa themanini na saba, Michezo ya Afrika ilipofanyiwa Nairobi, alikuwa mchezaji wa akiba. Alipewa suti ya taifa, akaketi kando ya njia siku nzima akiwatazama wenzake, akarudi nyumbani bila kutokwa na jasho. Hakuitwa tena. Alioa, mke akamwacha, akabaki peke yake kwenye nyumba ya baraza la jiji pale mtaa wa Woodley aliyoachiwa na mamake. Kila Jumamosi alifundisha vijana kutembea. Walikuja wakachoka, au wakachekwa hadi wakaacha. Katika miaka kumi na mitatu hakuna hata mmoja aliyefika mbali, mpaka alipokuja Joyline.

Alimkuta mtaa wa Mountain View, akisukuma mkokoteni wa miche kupanda mlima kwa mwendo ambao wanaume wawili waliomfuata nyuma walishindwa kuufikia. Alikuwa na miaka kumi na minane. Sasa alikuwa na ishirini na tatu, na hapakuwa na wanawake wengi Nairobi waliomkaribia katika kilomita ishirini. Goti lake lilinyooka kama fimbo. Waamuzi walikuwa wakiwaita wanafunzi wao waje walitazame.

Jumamosi ilifika. Walikutana saa kumi na mbili asubuhi kwenye barabara ya chini sambamba na Waiyaki Way, kama kawaida. Joyline alikuwa ameketi ukingoni mwa mtaro akifunga kamba za raba.

"Kocha, daktari alisemaje?"

Ngui alikuwa na maneno yote mdomoni. Akamtazama usoni. Msichana alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyekwisha kujibu swali lake mwenyewe.

"Ni msuli," alisema Ngui. "Umevutika. Tutaufunga bandeji, tuweke barafu jioni. Tutapunguza mazoezi kidogo."

"Nilijua! Mama alikuwa ananitisha bure." Akaruka wima. Ngui aliona alivyotua kwa mguu wa kulia kwanza.

Alijiambia atamwangalia kwa makini, kwamba madaktari huzidisha tahadhari ili wasije wakalaumiwa, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kutembea na kifundo kilichovimba na hakufa. Alipunguza mazoezi kweli, kutoka siku sita hadi nne. Kila alipomwona akimaliza bila kuchechemea alihisi amesamehewa. Na kila alipomwona akichechemea alitazama saa yake ya mkononi.

Wiki ya tatu, kwenye kilomita ya kumi na nne, aliliona kwa mara ya kwanza. Goti la kushoto halikunyooka sawasawa. Lilikuwa jambo dogo, la nukta ya sekunde, ambalo mtu asiyefundishwa hangeliona. Mwili ulikuwa unakataa kuukanyagia mfupa ule kwa uzito wote.

"Goti!" alipiga kelele. "Joy, nyoosha goti!"

Akalinyoosha. Ngui aliyaona machozi yakimtoka, na msichana akaendelea mpaka mwisho.

Jioni ya kabla ya mashindano alialikwa nyumbani kwao. Sifuna, babake Joyline, alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alilinda lango la nyumba moja kubwa Kitisuru, na kwa miaka mitano alikuwa akimwita Ngui mwalimu. Peres, mamake, alipika kuku na ugali wa wimbi, na mchungaji wa kanisa lao akaja kuomba.

Joyline alipoinuka kwenda kuleta maji ya kunawa, mamake alimfuata kwa macho. "Huyu mtoto anaumia," alisema. "Anajikaza tu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mwalimu, wewe umemwona zaidi yetu. Niambie ukweli wako."

Ngui alirudisha tonge kwenye sahani. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema, mbele ya wazazi na mchungaji, kabla ya jambo lolote kutokea. Hata alifungua mdomo.

Sifuna akamtangulia. "Peres, wacha kumsumbua mwalimu. Kama kungekuwa na shida angetuambia. Huyu mtoto nilimkabidhi yeye." Akamgeukia Ngui na kumsogezea sahani. "Kula, mwalimu. Kesho ni kesho."

Ngui akala.

Jumapili asubuhi Harambee Avenue ilifungwa kwa magari. Njia ilikuwa ya kwenda na kurudi, kilomita moja kwa mzunguko, mizunguko ishirini. Wanawake waliojitokeza walikuwa tisa. Watu hawakuwa wengi: ndugu wa wachezaji, polisi wawili, waumini waliosimama kidogo wakielekea kanisani, wakacheka kidogo na kuendelea na safari yao. Sifuna alivaa koti lake la arusi. Peres alikuwa na chupa ya maji ya glukosi aliyoikumbatia kifuani.

Mwamuzi mkuu alikuwa Wanjugu, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mnene mwenye kofia nyeupe. Yeye na Ngui walikuwa wametembea pamoja ujanani, na hakuna aliyewahi kumsikia akipendelea mtu. Timu ingekuwa na wanawake wawili tu.

Mizunguko kumi ya kwanza Joyline alitembea vizuri. Alikuwa wa pili, nyuma ya mwanamke mmoja mrefu, askari jela, na uso wake ulikuwa umetulia. Ngui alianza kuamini. Joyline alipopita mara ya kumi na moja alimpungia mkono mamake.

Mara ya kumi na mbili hakumtazama mtu.

Mara ya kumi na tatu mwamuzi wa kona ya chini alimwonyesha kibao cha njano chenye alama ya goti lililopinda. Hilo lilikuwa onyo. Kwenye ubao wa matokeo kando ya njia, baada ya dakika chache, kadi nyekundu ya kwanza ikaandikwa mbele ya namba yake. Katika mzunguko wa kumi na tano ikaandikwa ya pili.

Wanjugu alikuja mpaka aliposimama Ngui. Aliongea kwa sauti ya chini huku macho yake yakiwa barabarani.

"Ngui, huyo msichana ana shida mguuni. Hilo si kosa la mtindo. Anaumwa."

"Amechoka tu."

"Nimekujua miaka ishirini. Mtoe. Mwite aje kando, hakuna aibu. Mimi sina ruhusa ya kumtoa mpaka kadi ya tatu, lakini wewe unayo."

"Amebakiza mizunguko mitano, Wanjugu. Yuko wa pili."

Wanjugu akarejea mahali pake.

Joyline alikuja tena, akapita karibu kabisa na Ngui. Midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe. "Kocha," alisema bila kugeuza kichwa, "nisimame?"

Alimuuliza waziwazi. Hilo ndilo Ngui alilokuja kulibeba kuliko yote, kwamba aliulizwa. Na alikuwa na nafasi ya kujibu neno moja tu kabla hajampita.

"Nyoosha," alisema.

Katika mzunguko wa kumi na nane, mbele ya jengo la wizara, Joyline alitua kwa kisigino cha kushoto, na waliokuwa karibu wakasikia mlio. Wengine walidhani ni tawi limekatika. Hakuanguka mara moja. Alichukua hatua nyingine, mguu wa kulia, kisha akajaribu ule wa kushoto tena na hapakuwa na mguu wa kukanyagia. Akaenda chini kwa kiwiko na shavu. Kisha wakamwona akijivuta mbele kwa mikono juu ya lami.

Wanjugu ndiye aliyefika kwanza. Alikuwa tayari ameanza kutembea kumfuata kabla hajaanguka, maana kadi ya tatu ilikuwa imekwisha kuandikwa, na kibao chekundu kilikuwa mkononi mwake. Alikitupa chini akapiga magoti.

"Nimetolewa?" Joyline alimuuliza. "Mwalimu, nimetolewa?"

"Lala tu, mama. Lala."

"Si uniambie. Nimetolewa?"

Peres alikuwa anapiga kelele. Sifuna alisimama katikati ya barabara akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na askari jela yule mrefu akawapita, akazunguka, akaendelea kutembea.

Hospitalini walimpasua jioni ile ile, wakauunga mfupa kwa vyuma. Asubuhi yake daktari wa zamu, mama wa makamo, aliwaita wazazi kwenye ukumbi. Ngui alikuwa ameketi kwenye benchi palepale. Hakuwa ameenda nyumbani.

"Huu mfupa haukuvunjika jana," daktari alisema. "Ulikuwa na ufa kwa wiki nyingi. Hakuwahi kupigwa picha?"

"Alipigwa," Peres alisema. "Moi Avenue. Lakini walisema ni msuli."

"Nani alisema ni msuli?"

Peres alifungua mdomo kujibu, kisha akageuka polepole kumtazama Ngui. Sifuna naye akageuka. Ngui alisimama. Alikuwa amefikiria usiku kucha atakavyoeleza, na yote yalimtoroka.

"Walisema ufa," alisema. "Waliniambia mimi. Walisema apumzike miezi mitatu."

Peres aliketi sakafuni. Hakulia. Alijikunja tu pale kama mtu aliyepigwa tumboni. Sifuna alikuwa mtu wa nguvu, na Ngui alisubiri apigwe, hata alitamani. Lakini Sifuna alivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena.

"Jana ulikula kwangu," alisema. Ilikuwa juzi, lakini hakuna aliyemsahihisha. "Mchungaji alikuwekea mkono kichwani. Ulikula kuku wangu na ulikuwa unajua."

"Mzee Sifuna…"

"Toka hapa. Toka kabla sijafanya kitu kitakachonifunga, maana sasa huyu mtoto atanihitaji."

Hakumwona Joyline siku hiyo. Alimwona wiki ya pili, mchana, alipohesabu kwamba wazazi watakuwa kazini. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha mwisho karibu na dirisha, mguu umeinuliwa. Alikuwa amekonda. Ngui alisimama mwisho wa kitanda akishika chuma.

"Niliambiwa," Joyline alisema kabla hajasalimiwa. "Nikasema ni uongo. Nikasema kocha hawezi. Nikagombana na mama kwa sababu yako."

"Ni kweli, Joy."

"Najua ni kweli. Sasa najua." Akatazama dirishani. "Ulikuwa unaniona asubuhi zote. Ulikuwa unaniona nikilia, na unanipigia kelele, nyoosha, nyoosha."

"Nilidhani utavuka. Ulikuwa umebakiza kidogo. Nilitaka ufike mahali ambapo mimi…"

"Usiniambie hayo." Sauti yake haikupanda. "Unajua kitu gani kinanikula? Labda ungeniambia, ningetembea tu. Mimi ni kichwa ngumu. Labda ningesema, wacha uvunjike, nitajaribu. Lakini ungekuwa mguu wangu na ningekuwa nimeamua mimi. Wewe uliamua kama ni wako."

Ngui alisema pole. Neno lilitoka dogo, kama linavyosemwa kwa mtu aliyejikwaa.

"Enda, kocha," Joyline alisema. Kisha akajirekebisha. "Enda, Ngui."

Mfupa ulijiunga, ila ulijiunga vibaya. Kufikia mwisho wa mwaka ule wa elfu mbili na saba goti la Joyline lilikuwa limeganda. Halikunyooka na halikukunjika zaidi ya kidogo, na mguu wa kushoto ukawa mfupi kuliko wa kulia. Alirudi kwenye kitalu akawa anauza miche akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Wateja walipotaka miche iliyo mbali, mamake ndiye aliyeinuka.

Ngui aliandika barua kwa viongozi wa mchezo akaeleza yote, ukurasa mmoja na nusu kwa mkono wake. Aliomba wamwondoe kwenye orodha ya makocha. Hawakujibu. Alipomkuta mmoja wao mjini, mtu huyo alimshika bega akasema, "Hayo ni mambo ya michezo, mzee. Ajali hutokea. Utapata msichana mwingine." Ngui aliuondoa mkono ule begani mwake akavuka barabara bila kutazama magari. Dereva mmoja alimtukana kwa muda mrefu.

Aliwaambia vijana wa Jumamosi wasije tena. Walikuwa wanne. Mmoja aliuliza kwa nini, na Ngui akamwambia. Alisimulia bila kujitetea, na vijana wakamsikiliza wakitazama raba zao. Walipoondoka hawakumpa mkono.

Mara moja tu alikwenda kule kitaluni, mwezi wa Novemba. Alisimama ng'ambo ya barabara karibu na kituo cha basi. Joyline alikuwa anaongea na mteja, mwanamke aliyetaka maua ya kupanda kando ya ukuta. Peres hakuwapo. Mteja alionyesha miche ya nyuma kabisa, na Joyline akashika kiti, akajiinua, akaenda mwenyewe. Alikwenda kwa kujitupa upande mmoja, kiwiko kimetoka nje ili asianguke, mguu wa kushoto ukichora nusu duara kwenye matope. Ilimchukua muda. Mwanamke yule alitazama kando kwa adabu.

Joyline alipogeuka na mche mkononi alimwona. Walitazamana kupita magari. Hakuonyesha hasira, wala hakuonyesha kitu kingine chochote. Alimpa mteja mche wake, akarudi kitini kwa mwendo uleule, na akakigeuza kiti mpaka mgongo wake ukawa upande wa barabara.

Basi lilikuja, Ngui akapanda.

Siku hizi bado huamka saa kumi na moja alfajiri, maana mwili umezoea. Huketi ukingoni mwa kitanda pale Woodley, miguu yake mizima imekanyaga sementi baridi, na husubiri kupambazuke ili aende kazini.